Superman aliuzwa kwa dola 130: historia ya mchoraji Joe Shuster

Juma lililopita nilikuwa kwenye site moja ya wahami hapa Ituri, kwa kurekodi kipindi cha watoto. Mtoto mmoja wa miaka kumi hivi alivaa tisheti ya bluu ya mitumba, yenye herufi kubwa S kifuani. Alikuwa amechora kwa makala ya jikoni, juu ya kipande cha karton, mtu anayeruka juu ya mahema.

Nikamuuliza: "Huyu ni nani?"

"Superman."

"Na Superman alitoka wapi?"

Mtoto akanyamaza. Wazazi waliokuwa pale nao hawakujua. Baba mmoja akacheka: "Wewe ndiye mtu wa habari, utuambie." Niliahidi kuleta jibu kwenye redio. Kwa wale ambao piles za redio ziliwaishia siku hiyo, maandishi ni haya.

Jibu la kwanza ni fupi: Superman naye alikimbia. Katika hadithi, kwao kunaitwa Krypton, na Krypton ilikuwa karibu kupasuka. Baba yake alimweka ndani ya roketi peke yake, angali mtoto mchanga, akamtuma mbali ili apone. Roketi ikaanguka Marekani, na watu wasio wa damu yake wakamlea. Alipokua alificha nguvu zake, akafanya kazi ya mwandishi wa habari gazetini.

Jibu la pili ni refu zaidi, kwa sababu linahusu mtu wa kweli, aliyeshika kreyo na kumchora. Anaitwa Joe Shuster.

Alizaliwa Toronto, nchini Kanada, tarehe 10 mwezi wa saba 1914, katika jamaa ya Wayahudi. Baba yake, fundi wa kushona nguo, alitoka Rotterdam, Uholanzi. Mama yake alitoka Kiev, Ukraine. Feza nyumbani ilikuwa kidogo. Joe alipokuwa mtoto aliuza magazeti barabarani, na hakuwa na karatasi ya kuchorea. Aliokota mabaki ya karatasi za kupambia ukuta, akachora upande wa nyuma. Alipokuwa na miaka karibu kumi, jamaa ilihamia Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Kule baridi ya kipupwe ni kali, na nyumba yao mara nyingine haikuwa na moto. Joe alichora akiwa amevaa makoti na glovu, juu ya ubao ambao mama yake alitumia kukandia mkate.

Katika shule ya sekondari ya Glenville alikutana na Jerry Siegel, mtoto wa wahamiaji kutoka Lithuania. Jerry aliandika hadithi, Joe akachora. Wote wawili walikuwa wapole, wenye kuvaa miwani, wasio na nguvu ya kupigana. Mwaka wa 1932 baba yake Jerry alikufa dukani mwake wakati wezi walipoingia. Mwaka uliofuata vijana hao walitoa hadithi yao ya kwanza yenye jina la Superman, lakini ndani yake Superman alikuwa mtu mbaya. Kisha wakamgeuza akawa mwenye kutetea wanyonge. Katika hadithi zake za mwanzo anamzuia mwanaume anayempiga mke wake, anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kufa bila kosa, na anamfundisha adabu tajiri wa machimbo asiyejali usalama wa wafanyakazi wake. Sisi wakaaji wa mashariki ya Congo, huyo wa machimbo tunamfahamu vizuri.

Kwa miaka mingi, wenye magazeti walimkataa Superman. Mwishowe, kampuni moja ya New York iliyochapisha vitabu vya bede ikakubali kumchukua. Bei ilikuwa dola 10 kwa ukurasa, na kurasa zilikuwa 13. Jumla dola 130, za kugawana watu wawili. Pamoja na feza hiyo kulikuwa na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema kwamba Superman, na haki zote juu yake, sasa ni mali ya kampuni, milele. Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu 1938. Joe na Jerry walikuwa na miaka 23. Walitia sahihi.

Kwa nini walikubali? Walikuwa wamechoka kukataliwa, na kazi hiyo ndivyo ilivyofanywa wakati huo: mchoraji anauza kurasa, mwenye kiwanda anabaki na kila kitu. Wao walitaka tu kuona shujaa wao amechapishwa.

Kitabu, Action Comics namba 1, kilitoka mwaka huohuo kwa senti 10. Kwenye jalada Joe alichora Superman amenyanyua motokari juu ya kichwa, na watu wanakimbia. Kiliuzwa sana. Mwaka wa 1939 Superman akaingia magazetini, na mwaka wa 1940 akaingia redioni. Mwanzoni mwa mwaka wa 1940, katika gazeti la Look, Joe na Jerry walionyesha Superman akimkamata Hitler na kumpeleka mbele ya waamuzi. Gazeti la SS, jeshi la chama cha Hitler, lilikasirika na kumtukana Jerry kwa Uyahudi wake.

Tuseme ukweli wote: kwa miaka kadhaa vijana hao walilipwa vizuri kwa kurasa zao, wakafungua ofisi Cleveland na kuajiri wachoraji wengine. Lakini walilipwa kama wafanyakazi. Shujaa hakuwa wao tena. Na macho ya Joe, ambayo tangu zamani yalikuwa dhaifu, yalianza kufa, hata wasaidizi wakachora sehemu kubwa ya kazi.

Mwaka wa 1947 walienda tribinali kudai Superman arudishwe kwao. Mwamuzi alisoma ile karatasi ya 1938, akasema ni halali. Kesi ilimalizika mwaka wa 1948 kwa mapatano: walipewa dola karibu 94.000, na sehemu kubwa ikaenda kwa maavoka. Wakapoteza kazi. Majina yao, yaliyokuwa yakiandikwa juu ya kila hadithi, yakaondolewa. Watoto waliozaliwa kisha hapo walisoma Superman bila kujua nani alimleta. Walijaribu tena mbele ya sheria, na mwaka wa 1974 wakashindwa tena.

Mwaka wa 1975 kampuni ilikuwa inatayarisha filamu kubwa ya Superman. Joe alikuwa na miaka 61, karibu kipofu, akiishi na ndugu yake New York. Jerry alikuwa karani wa barua Los Angeles. Jerry aliandika barua kali, akaituma kwa waandishi wa habari. Wachoraji wengine, hasa Neal Adams na Jerry Robinson, wakasimama nao, wakaongea kwenye magazeti na televisheni mpaka kampuni ikaona haya. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo ikakubali kumpa kila mmoja dola 20.000 kwa mwaka, pamoja na matunzo ya afya. Tena ikarudisha majina yao. Filamu ilipotoka mwaka wa 1978, majina ya Jerry Siegel na Joe Shuster yalikuwamo.

Joe alikufa Los Angeles tarehe 30 mwezi wa saba 1992. Miaka 20 kisha kifo chake, ile sheki ya 1938, karatasi tupu isiyofaa tena benki, iliuzwa kwa mnada. Ilinunuliwa kwa dola 160.000.

Wasikilizaji wapendwa, sheria haikumrudishia Joe kitu chake, kwa sababu sahihi yake ilikuwa pale chini. Feza ya uzee na jina alivipata kwa sababu watu wengine walikubali kusema kwa sauti. Kwenye site zetu karatasi zinapita kila juma: za kuuza shamba lililobaki kijijini, za mkopo, za kupiga watoto picha. Wengi wanatia kidole bila kusomewa. Omba usomewe yote, katika lugha unayoisikia. Omba nakala ubaki nayo. Na kama umetia tayari, usikae nalo peke yako: ambia kamati ya site, ambia jirani, ambia redio.

Yule mtoto nilirudi kumwona juzi, nikamsimulia habari ya Joe. Alisikiliza, kisha akauliza kama macho ya Joe yaliwahi kupona. Nikamwambia hapana. Akachukua karton yake, akaandika jina lake chini ya miguu ya Superman, kwa herufi kubwa kuliko ile S.