Kengele ya Mwisho na Baada Yake: Historia Fupi ya Masomo ya Ziada kwa Watoto wa Kipato cha Chini

Kurasa nyingine za kijitabu hiki cha kumbukumbu zimeeleza habari za jengo la hekalu letu, za waliochangia ujenzi wake na za sikukuu zilizoadhimishwa ndani yake. Sisi tumepewa nafasi ya kusimulia historia ya jambo lisilokuwa na jiwe la msingi: masomo anayoyapata mtoto wa mzazi asiye na uwezo baada ya kengele ya mwisho ya shule, na katika majuma ya likizo. Tumeichagua kwa kuwa inaunganisha Bara Hindi, walikotoka wazee wetu, na Tanzania, walikozaliwa wajukuu wao.

Mwaka 1848, mjini Pune, Jotirao Phule na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana, katika zama ambazo kumfundisha msichana, au mtu wa tabaka la chini, kulihesabiwa kuwa aibu. Mwaka 1855 waliongeza shule ya usiku kwa ajili ya vibarua na wakulima. Wazo lao lilikuwa wazi: ambaye kazi inamzuia kuja mchana, afundishwe saa anayoipata.

Miaka 140 baadaye, wazo hilo lilipata sura mpya katika mitaa ya mabanda ya Mumbai. Mwaka 1995 Madhav Chavan na Farida Lambay walianzisha shirika la Pratham, jina ambalo maana yake ni "kwanza". Hawakusubiri kujenga madarasa. Wasichana wa mitaa hiyohiyo walikusanya watoto wadogo popote palipopatikana nafasi: sebuleni kwa mtu, katika ofisi, na katika nyumba za ibada. Ni vema sisi wa hekalu tulikumbuke hilo.

Baada ya watoto wadogo wakaja wale walioko shuleni lakini wasiojua kusoma. Kwa ajili yao Pratham iliwaweka *balsakhi*, yaani "rafiki wa mtoto": binti wa mtaani aliyemaliza sekondari, anayewachukua watoto 15 hadi 20 walioachwa nyuma na kukaa nao kwa saa mbili kila siku. Kati ya mwaka 2001 na 2003 watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliifuatilia kazi hiyo Mumbai na Vadodara, wakaona kwamba watoto waliopata rafiki huyo walisonga mbele kuliko wenzao, hasa wale waliokuwa nyuma zaidi. Mwaka 2019 wasomi hao wawili, pamoja na Michael Kremer aliyefanya utafiti wake magharibi mwa Kenya, walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi.

Balsakhi alifanya kazi ndani ya saa za shule. Jaribio la baada ya shule lilifanyika wilayani Jaunpur, katika jimbo la Uttar Pradesh, mwaka 2005 na 2006. Vijana wa vijijini walipewa mafunzo mafupi, wakaendesha madarasa ya kusoma bila malipo. Mtoto aliyeanza bila kujua hata herufi moja, akahudhuria, alitoka akizitambua herufi. Lakini historia hii ina upande wa pili unaotupasa kuutazama. Waliohudhuria walikuwa asilimia 8 tu ya watoto, na hata miongoni mwa wale wasioweza kusoma kabisa, walikuja asilimia 13. Mlango ulikuwa wazi, na mafunzo yalikuwa mazuri, ila watoto waliyoyahitaji kuliko wote wengi wao walibaki nyumbani.

Likizo nayo ikatoa fundisho lake. Mwezi Juni mwaka 2008, katika jimbo la Bihar, walimu wa serikali walilipwa posho wafundishe mwezi mzima wa likizo, kwa watoto wa darasa la tatu hadi la tano waliokuwa hawajamudu kusoma na kuhesabu. Walimu walewale, ambao katika siku za kawaida hukimbizana na muhtasari wa masomo, walipopewa kazi moja tu ya misingi waliifanya vizuri, na faida yake ilionekana miaka miwili baadaye. Baadaye, Uttar Pradesh, watoto waligawanywa kwa kiwango cha kusoma badala ya umri, katika kambi za siku chache chache zilizofikia siku 50 kwa jumla. Walioweza kusoma aya walipanda kutoka asilimia 15 hadi karibu asilimia 50. Katika shule zisizokuwa na kambi waliishia asilimia 24.

Historia hii ilivuka bahari. Tangu mwaka 2005 Pratham huwapima watoto majumbani kwao kwa kipimo kiitwacho ASER, neno ambalo kwa Kihindi humaanisha "athari", na masikio ya Waswahili yatatambua udugu wake. Mwaka 2009 kipimo hicho kilizaa Uwezo katika Tanzania, Kenya na Uganda. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa Tanzania tangu mwaka 2001, na madarasa yalijaa. Hata hivyo, mwaka 2010 Uwezo ilionyesha kwamba kati ya watoto watatu wa darasa la tatu, takribani mmoja tu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili.

Pengo hilo wenye uwezo huliziba kwa tuisheni. Asiye na uwezo humwona jirani yake akienda na daftari saa tisa alasiri, naye akarudi kuchota maji au kulea mdogo wake. Hivyo shule isiyo na ada huwafikisha wawili mlango mmoja asubuhi, na alasiri huwatenganisha.

Katika mapokeo yetu, *vidyadana*, yaani sadaka ya elimu, huhesabiwa miongoni mwa sadaka kubwa. Ukumbi wa hekalu hujaa asubuhi na jioni. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri huwa mtupu. Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano mkuu wa wanachama ukumbi huo ufunguliwe saa hizo, na katika likizo ya Juni, kwa watoto wa mtaa mzima bila kuulizwa dini. Mikeka ipo. Chaki na vitabu vya hadithi havigharimu sana. Kazi ngumu ni ile iliyowashinda wa Jaunpur: kwenda nyumba kwa nyumba, kuzungumza na mama na bibi, na kutafuta saa ambayo mtoto anaweza kuachwa huru. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne na cha sita, na majirani wanaoujua mtaa kuliko sisi, ndio wanaoiweza. Aliye tayari, na mzazi mwenye mtoto ambaye bado hajasoma vizuri, tunawaomba wamwone katibu wa hekalu.