Mtihani wa Rubani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, karibu na Pumwani, umo uwanja wa ndege wa Eastleigh. Zamani ulitumiwa na jeshi la anga la Uingereza. Tarehe 1 Juni 1964, miezi michache baada ya uhuru, liliundwa Jeshi la Anga la Kenya, na Eastleigh pakawa makao yake.

Vijana wa kwanza walijifunzia ndege ndogo iitwayo Chipmunk, yenye viti viwili: mwanafunzi mbele, mwalimu nyuma. Kwao majibu ya karatasini hayakutosha, kwani elimu bila amali ni kama nta bila asali. Kila rubani hana budi kufikiwa na siku ya kuruka peke yake, kiti cha mwalimu kikiwa kitupu. Huko juu hakuna wa kumnong'oneza jibu.

Lakini ustadi sio mwisho wa mtihani wa askari. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali. Walishindwa; watu wengi walikufa, na jeshi lao likavunjwa na kuundwa upya. Hivyo twaona kuwa ustadi hupimwa kwa siku moja, bali uaminifu hupimwa maisha yote.