Kuku Ukingoni mwa Picha: Filamu Kuu na Matarajio ya Mtazamaji wa Trans Nzoia

Mwaka 1986 filamu Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kutolewa mwaka uliotangulia, ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar, ikiwamo ile ya filamu bora. Mwaka uo huo nyumba aliyoishi Karen Blixen karibu na Nairobi ilifunguliwa rasmi kuwa makumbusho. Ni filamu chache zilizopigwa katika ardhi ya Kenya zilizopata kuvishwa taji la namna hii. Mtazamaji anayeiendea leo huiendea akiwa amekwisha kuambiwa mambo mengi: uzuri wa mandhari, muziki wa John Barry, mapenzi ya Meryl Streep na Robert Redford. Ajabu ni kwamba watazamaji wengi, hasa wale ambao nchi inayoonyeshwa ni yao, huinuka baada ya dakika 161 wakiwa na hisi ya kupungukiwa. Walichoahidiwa hawakukiona.

Ni desturi ya wahakiki kulieleza jambo hili kwa njia mbili nyepesi. Ya kwanza humlaumu mtazamaji: hana subira, au hajafunzwa kuitazama sanaa ya kale. Ya pili huulaumu wakati: filamu imezeeka. Maelezo yote mawili yanaacha swali la msingi, yaani matarajio hayo yalitoka wapi na ni nani aliyeyajenga. Hans Robert Jauss, katika mhadhara alioutoa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alipendekeza kwamba kila kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio, na kwamba umbali uliopo kati ya upeo huo na kazi yenyewe ni kipimo kimojawapo cha thamani yake. Jambo lisilokumbukwa mara nyingi ni onyo lake kuhusu kazi zilizokwisha kutukuzwa. Hizo, asema Jauss, zinakaribia mno sanaa ya kuliwa kama chakula, kwa kuwa uzuri wake umekubaliwa kabla ya kuonjwa. Inahitajika juhudi mahususi kuzisoma kinyume cha mazoea. Kuvunjika moyo kwa mtazamaji huenda kukawa ndio mwanzo wa juhudi hiyo.

Katika Afrika ya Mashariki suala hili lina historia yake, nayo ni kinyume kabisa cha ile ya Ulaya. Hapa matarajio ya mtazamaji yalipangwa na wengine, tena yalipangwa yawe ya chini. Kati ya mwaka 1935 na 1937 ule mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri katika Tanganyika na kuongozwa na Meja L. A. Notcutt, ulitengeneza takriban filamu 35 za kuwafunza Waafrika kilimo, afya na uwekaji akiba. Wakati huohuo William Sellers, aliyekuwa akifanya kazi ya afya nchini Nigeria na baadaye kushika nafasi kuu katika Colonial Film Unit iliyoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba Mwafrika huhitaji filamu ya mwendo wa pole, isiyo na hila za kamera, yenye jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Hoja hiyo ilipata mfano wake maarufu katika kisa alichokisimulia John Wilson, kikaenezwa na Marshall McLuhan katika The Gutenberg Galaxy (1962). Wanakijiji walionyeshwa filamu juu ya kuondoa maji yaliyotuama ili kuangamiza mbu. Walipoulizwa wameona nini, walijibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa mna kuku. Walipoikagua taswira baada ya taswira, wakamkuta: kapita ukingoni mwa picha kwa muda mfupi sana. Kwa miaka mingi kisa hiki kilisomwa kama ushahidi wa upungufu wa mtazamaji. Lakini chaweza kusomwa vingine. Wanakijiji wale waliona kitu kilichokuwamo kweli, nao wataalamu ndio waliokuwa hawajakiona.

Basi na irejewe Out of Africa, itazamwe kwa macho ya wale waliomwona kuku. Hadithi yake inaanzia mwaka 1913 na kukoma 1931. Hiyo ndiyo miaka ambamo Trans Nzoia iligeuzwa kuwa nyanda za walowezi: Wasabaot na Wapokot waliondolewa katika malisho yao, askari wa Kiingereza wakagawiwa mashamba kwa mpango wa mwaka 1919, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mtazamaji wa Kitale kwa hiyo anaijua hadithi ya shamba la mlowezi kutoka upande wa pili wa ua. Anajua, kwa mfano, kwamba sheria ya mwaka 1918 ilimlazimu Mwafrika aliyekaa katika shamba la Mzungu kumfanyia kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Kitabu cha Blixen cha 1937 kinazitaja siku hizo. Filamu inawaonyesha watu haohao wakivuna kahawa, wakizima moto, wakisimama mlangoni, bila kujishughulisha na masharti yaliyowaweka pale. Karibu na mwisho Karen anapiga magoti mbele ya gavana mpya, akiwaombea Wakikuyu wa shambani mwake ardhi ya kuishi. Kifani ni tukio lenye nguvu. Lakini kamera inamwangalia anayeomba, na wanaoombewa hawamo chumbani.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha iliyomo ndani ya Moving the Centre (1993), ameukosoa vikali mtazamo wa Blixen, na hapana haja ya kuyarudia maneno yake hapa. Linalofaa kuongezwa ni kwamba filamu inazidi kitabu katika kosa hilo. Farah, aliyekuwa Msomali, ameigizwa na Malick Bowens, mzaliwa wa Mali. Ilhali Iman, Msomali halisi, amepewa nafasi ya kupita tu. Simba waliofunzwa waliletwa kutoka California. Si kosa kwa sanaa kuazima simba. Kosa ni kuazima simba katika nchi ya simba, kisha kusifiwa kwa uhalisi.

(Kwa upande mwingine, historia ya Elijah Masinde wa Bungoma na Dini ya Msambwa, pamoja na hofu iliyowashika walowezi wa Trans Nzoia katika miaka ya 1940, ingetosha kwa filamu tatu.)

Mfano wa pili unasumbua zaidi, kwa sababu ni wa filamu zilizotengenezwa kwa nia njema na ustadi. Katikati ya miaka ya 1970 David na Judith MacDougall walipiga picha kaskazini-magharibi mwa Kenya zilizozaa filamu tatu juu ya Waturkana: Lorang's Way, The Wedding Camels na A Wife Among Wives. Katika somo la anthropolojia hizo ni filamu kuu pasi na shaka. Lorang, mzee mwenye mali, aliwahi kutumikia jeshi la King's African Rifles, akaujua ulimwengu wa nje, kisha akaamua kurejea kwenye ufugaji. Katika The Wedding Camels bintiye Akai anaozwa Kongu, rafiki wa baba yake, na mazungumzo ya mahari yanakaribia kuvunjika.

Mwanafunzi anayeitazama filamu hii kwa sifa yake aghalabu huchoka. Hasimuliwi kisa, anasikilizishwa wazee wakibishana juu ya ngamia na ng'ombe kwa muda mrefu, wala hapatiwi jibu la nani aliyeshinda. Kuvunjika moyo huku ni tofauti na kule kwa awali. Pollack anamnyima mtazamaji kitu alichokificha. MacDougall anamnyima kitu ambacho hata yeye hakupewa.

Lakini yuko mtazamaji mwingine. Kipsongo ni mtaa wa mabanda mjini Kitale, na wengi wa wakazi wake ni Waturkana ambao wao au wazazi wao walisukumwa huko na ukame, njaa na uvamizi wa mifugo. Filamu inasemwa kwa Kiturkana, na maandishi ya tafsiri chini ya picha ni ya Kiingereza. Kwa mara moja katika historia hii ndefu, msomi ndiye anayehitaji kusaidiwa, naye mkazi wa Kipsongo anazisikia kejeli, methali na vitisho jinsi vilivyotamkwa. Anachokikosa yeye si maana. Mifugo inayobishaniwa na Lorang na Kongu ndiyo mali iliyopotea kabla ya safari ya Kitale, na ubishi unaomchosha mwanafunzi ni hesabu ya mali ambayo mkazi huyo hana tena.