Lafudhi za Kiingereza Handeni na Korogwe

Lafudhi za Kiingereza Handeni na Korogwe ni jambo lenye pande mbili: jinsi Kiingereza cha wageni kinavyosikika kwa wenyeji wa wilaya hizo za Mkoa wa Tanga, na jinsi Kiingereza cha wenyeji kinavyosikika kwa Mwingereza, Mmarekani au Mkenya. Handeni ni nchi ya Wazigua. Korogwe, mji ulio kando ya Mto Pangani kwenye reli ya Tanga hadi Moshi, ni wa Wasambaa, Wazigua na Wabondei, pamoja na wazao wa vibarua walioletwa na mashamba ya mkonge kutoka pande nyingi za nchi. Karibu wote hukifikia Kiingereza kwa kupitia Kiswahili, na njia hiyo huamua lafudhi yao kuliko kabila.

Mitaani Kiingereza huitwa kimombo, ung'eng'e au yai. Anayekitema kwa kuiga wazungu husemwa kuwa anabana pua, na kauli hiyo si sifa. Nairobi mtu wa namna hiyo wanasema anatweng.

Sikio la Kiswahili

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kina zaidi ya mara mbili ya hizo, bila kuhesabu irabu unganifu. Kwa hiyo sikio la Mswahili hulazimika kuchagua, na chaguo lake limehifadhiwa katika maneno ya mkopo. Shati, sketi na nesi yametoka katika maneno ya Kiingereza yenye irabu ileile moja, lakini katika shati ilisikika kama a, na katika sketi na nesi kama e. Hali ni hiyo kwa bendi na taksi, ambayo wengine huiita teksi. Waingereza wa zama za ukoloni, hasa wa tabaka la juu, waliitamka irabu ya "band" karibu na e kuliko wanavyoitamka wajukuu wao leo, basi aliyeandika bendi hakukosea. Anayetaka kujua mabwana wa zamani walitamkaje, asidharau kamusi ya Kiswahili.

Mita, lita, meneja, spika na kompyuta yana ushahidi mwingine. Mwisho wake ni a tupu kwa sababu Mwingereza wa kusini haitamki r iliyo mwisho wa neno. Laiti Tanganyika ingetawaliwa na Wamarekani, pengine leo tungekuwa na menejari.

Mmarekani huleta kitendawili tofauti. T yake iliyo kati ya irabu mbili, kama ile ya "water" au "better", hutamkwa kwa ncha ya ulimi kuugusa ufizi mara moja na kuachia. Ndivyo inavyotamkwa r ya Kiswahili katika kura au bara. Mwanafunzi anayedai kwamba mwalimu wake Mmarekani amesema "wara" huchekwa na wenzake, ilhali sikio lake limepatia. Wamarekani hao si wapita njia tu: walimu wa kujitolea wa Peace Corps walianza kufika nchini miaka ya mwanzo ya 1960, wakaondoka 1969, wakarudi 1979, na wengi wamefundisha katika sekondari za serikali.

Korogwe imesikia Kiingereza cha aina nyingi kwa sababu ya malaria pia. Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kilichopo mjini hapo kimeshirikiana na watafiti wa Copenhagen na London, na Korogwe pamoja na Kilifi ya Kenya zilikuwa mahali pa jaribio la chanjo ya RTS,S ambalo matokeo yake yalichapishwa 2008. Kwa kawaida Kiingereza cha Mdenmark, aliyejifunza shuleni kama sisi, hueleweka upesi kuliko cha Mskoti aliyezaliwa nacho. Ila r ya Mskoti, inayogongwa kwa ulimi, Mswahili huipokea kama ya ndugu.

Masikioni mwa wageni

Mwingereza anayemsikiliza mtu wa Handeni hukwama kwanza kwenye a. "Bad", "bud" na "bird" zinaweza kutoka zikiwa neno moja, na meli na kondoo, yaani "ship" na "sheep", hukosa mpaka. Pili ni mkazo. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuipa kila silabi haki yake, wakati Mwingereza huzimeza silabi nyingine na kuipigia kelele moja. Sauti za th na dh hazimsumbui anayetamka thelathini na dhahabu. Anayesema selasini na zahabu hubeba s na z hizo hadi kwenye Kiingereza.

Je, mgeni anaweza kumtambua Mzigua kwa Kiingereza chake? Kwa nadra. Kizigua ni lugha ya toni, na kimewavutia wanaisimu kwa sababu toni ya juu ya kitenzi haikai palepale ilipozaliwa. Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walieleza mwaka 1990 kwamba katika kulombeza, yaani kuomba, toni hupanda silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefushwa toni husogea nayo. Kudamanya, yaani kufanya, haina toni hiyo kabisa. Kwa hiyo toni ya Kizigua na mkazo wa Kiswahili hukutana mahali pamoja, na kinachotoka kwenye Kiingereza, kwa mgeni, ni Utanzania tu. Mwenyeji wa Korogwe, akisikia Kiswahili cha Mzigua na cha Msambaa, hahitaji kuuliza nani ni nani.

Mkenya na Mtanzania wanakaribiana mno kwa irabu. Tofauti wanayoisikia ni wepesi wa ulimi wa Mkenya, na chanzo chake ni darasa: tangu 1967 shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza hubaki somo hadi sekondari, ambako ghafla hugeuka lugha ya kila somo. Mtanzania naye humtambua Mkikuyu kwa b na d zinazotanguliwa na m na n.

Wazigua wa Juba

Kisa kinachopima vizuri zaidi nguvu ya njia hiyo ya kupitia Kiswahili ni cha Wazigua wa Somalia. Njaa ya karne ya 19 iliwafanya Wazigua wengi wauzwe pwani na kusafirishwa hadi Somalia, ambako waliotoroka walijenga vijiji kandokando ya Mto Juba na kuitunza lugha yao, inayojulikana pia kama Kimushunguli. Vita vya 1991 viliwatawanya. Wengine walifika Handeni, kambi ya Mkuyu na baadaye makazi ya Chogo, na kufikia 2009 baadhi yao walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania. Wengine, kupitia kambi za Kenya, walipokelewa Marekani kuanzia 2003, wakiwemo waliohamia Lewiston katika jimbo la Maine.

Kisomali sanifu hakina p wala v, na Msomali anayejifunza Kiingereza huzitafuta kwa shida. Mzigua wa Juba amezikuta kwao. Tofauti kati ya ndugu waliofika Handeni na waliokwenda Marekani imeletwa na shule: mtoto wa Chogo hujifunza "water" kwa mwalimu Mswahili, akasema wota; binamu yake aliyekulia Maine husema wara.