Ukiuliza embe, kompyuta hukuletea jembe: Kasoro ya orodha katika uga mmoja

Karani anayesajili wakulima wa Mbooni, Kaunti ya Makueni, ili wagawiwe miche na pembejeo, anaweza kushawishika kufupisha kazi. Chukua mfano huu wa kubuni. Mkulima wa Kalawa anaomba miche ya embe na mbolea. Karani anaandika “embe,mbolea” katika uga mmoja wa hifadhidata. Wa Tulimani anaomba jembe na mbegu, anaandikiwa “jembe,mbegu”. Orodha hiyo humridhisha anayeisoma kwa macho. Taabu huanza siku kompyuta inapoulizwa ni nani walioomba embe.

Kwa kompyuta, uga huo si orodha bali ni mfuatano wa herufi, na koma ni alama kama nyingine yoyote. Amri ya LIKE katika lugha ya SQL, ikipewa '%embe%', hutafuta herufi hizo nne popote zilipo, hata ndani ya neno jingine. Neno “jembe” linazo. Hivyo mkulima wa Tulimani ataingizwa katika hesabu ya miche, na ikiwa miche ni haba, yule wa Kalawa huenda akarudi nyumbani mikono mitupu. Ubaya wa kosa hili ni kwamba kompyuta haitoi onyo lolote. Jibu huja likiwa na sura ya ukweli. Wanaotumia nambari badala ya majina nao hawakunusurika, kwani atafutaye zao nambari 1 huletewa pia 10, 11 na 21.

Ipo dawa ya haraka. Orodha huongezewa koma mwanzoni na mwishoni, kisha hutafutwa ',embe,' pamoja na koma zake. MySQL ina amri ya FIND_IN_SET kwa kazi hiyo. PostgreSQL huigawa orodha kwa string_to_array, na SQL Server, tangu toleo la 2016, kwa STRING_SPLIT. Hata hivyo, nafasi moja tu iliyoachwa baada ya koma hutosha kuharibu utafutaji, kwa kuwa “ embe” yenye nafasi mbele yake si sawa na “embe”. Nafasi hizo sharti ziondolewe kwanza.

Hata jibu likiwa sahihi, huchelewa. Faharisi ya kawaida ya hifadhidata haisaidii kutafuta kitu kilichofichwa katikati ya uga, kwa hiyo kompyuta hulazimika kusoma rekodi zote, moja baada ya nyingine. Kwa wakulima 200 hakuna atakayehisi. Kwa kaunti nzima, foleni itaonekana.

Dawa ya kudumu ni ya zamani. Mnamo 1970, Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali. Kanuni mojawapo ni kwamba kila uga ubebe thamani moja tu. Kwa mfano wetu, hilo lataka majedwali matatu: la wakulima, la bidhaa, na la maombi, ambamo kila ombi lina mstari wake. Mkulima aliyeomba vitu vitatu atakuwa na mistari mitatu. Kuhesabu walioomba embe huwa kazi ya sentensi moja, na jembe haliingii.

Anayehamisha data ya zamani asivunje kila anachokiona kimetenganishwa. Eneo bunge la Mbooni lina wadi 6: Tulimani, Mbooni, Kithungo/Kitundu, Kisau/Kiteta, Waia/Kako na Kalawa. Programu iliyoagizwa kukata maneno penye mkwaju itazigeuza kuwa 9. Karani anajua kwamba Waia/Kako humchagua mwakilishi mmoja. Programu haijui mpaka iambiwe.