Memori Mbovu na Jina la Fundi

Ukikaa Garsen, lawama nyingi huishia mtoni. Mafuriko yakibeba mashamba, ni Tana. Mpunga ukikauka, ni Tana tena. Lakini kompyuta ikikataa kuwekwa Windows, mto hausemwi. Analaumiwa fundi.

Sasa sikia hii. Mwaka 1978, wahandisi wawili wa Intel, Timothy May na Murray Woods, walieleza kwa nini chipu za memori zilikuwa zikibadilisha data zenyewe: sufuri inageuka moja, na hakuna aliyeigusa. Programu ilikuwa sawa. Shida ilikuwa kwenye kauri iliyofunika chipu, ambayo ilikuwa na chembechembe za urani. Kiwanda cha kauri hiyo kilikuwa kando ya Mto Green, magharibi mwa Marekani, na maji yake yalikuwa yameshapita kwenye mabaki ya mgodi wa zamani wa urani. Uchafu wa mto ukaingia ndani ya kompyuta.

Kosa lile lilikuwa la kupita. RAM iliyoharibika hubaki mbovu. Lakini dalili zinafanana, na hizo nimeziona Garsen kwenye mashine za mtumba zilizoshiba vumbi na joto. Windows inakufa kwenye asilimia 34, ukirudia 61, ukirudia tena 12. Mwenye mashine anauliza, "Si ilikuwa inawaka vizuri?" Ndiyo, ilikuwa inawaka. Ila kuweka mfumo ni kunakili na kufungua maelfu ya faili, na biti moja ikigeuka, faili imeharibika.

Kanuni yangu ni hii: ikikwama palepale kila mara, anza kushuku flashi au diski. Ikikwama kila mara mahali tofauti, shuku memori au joto. Mwaka 1994 Chris Brady alitengeneza Memtest86, programu inayowaka kabla ya mfumo wowote, ikiandika na kusoma memori yote. Iache usiku kucha. Ikionyesha makosa, zima mashine, chomoa RAM, safisha meno yake, kisha pima moja moja.

Mji mdogo kama Garsen, kijana akishaitwa "hajui kazi" mara mbili, wateja wanahamia Malindi. Kipimo cha usiku mmoja hakina gharama, na asubuhi kinampa kitu cha kumwonyesha mteja.