Kereng'ende, kungu na mbu: majina ya wadudu wa majini

kereng'ende nm [a-/wa-] (wingi: kereng'ende) 1. mdudu mwenye mabawa manne angavu yenye mishipa kama wavu, macho makubwa na kiwiliwili kirefu, ambaye hukulia majini. 2. ndege wa porini wa jamii ya kwale.

Tahajia na maana. Sauti ya ng' ni ile ya ng'ombe. Tahajia *kerengende*, isiyo na kibainishi, nayo hupatikana. Anayetafuta neno hili mtandaoni ajaribu zote mbili. Kwa kuwa mdudu na ndege wana upatanisho mmoja, sentensi "Amenasa kereng'ende wawili" haijitoshelezi. Mfasiri aongeze neno la kufafanua: *mdudu*, *ndege*, *bwawani* au *kichakani*.

Kumtambua. Mifano ya makala haya imetoka Kyela, uwanda wa joto ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wenye majaruba ya mpunga na mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Ukiwa kando ya bwawa, subiri mdudu atue. Akiyaacha mabawa wazi pande zote mbili, naye akiwa mnene wa kifua, ni kereng'ende wa kundi la kwanza. Akiwa mwembamba kama njiti, macho yake yako mbalimbali, na mara nyingi huyakunja mabawa juu ya mgongo, ni wa kundi la pili. Kiswahili hakijawa na jina moja lililozoeleka kwa kundi hili la pili. *Kereng'ende mwembamba* ni maelezo yanayotosha.

Rangi pekee isitumiwe kutenganisha spishi. Dume la *Crocothemis erythraea*, spishi iliyoenea Afrika, huwa jekundu likikomaa, ilhali jike huwa la manjano au kahawia. Mwanafunzi anayeandika "aina mbili" huenda ameona dume na jike tu.

Mtoto wa kereng'ende. Hapa ndipo tafsiri hupotoka zaidi. *Kiluwiluwi* hutumika kwa mtoto wa mbu na pia wa chura. *Buu* ni mtoto wa nzi, wa mbawakawa na wa wadudu wengine wanaopitia hatua ya pupa. Mtoto wa kereng'ende hana hatua ya pupa. Katika hilo anafanana na *tunutu*, mtoto wa nzige. Yeye huishi majini na hukamata viluwiluwi kwa mdomo wa chini unaofyatuka. Kwa hiyo kipeperushi kinachoagiza "ua mabuu yote ya majini" kinamwamuru mkulima aue na adui wa mbu. Andika *viluwiluwi vya mbu* pale vinapokusudiwa hivyo tu.

kungu nm [a-/wa-] mdudu mdogo arukaye wa Ziwa Nyasa, jina la kisayansi *Chaoborus edulis*. Neno la Kilatini *edulis* lina maana ya "anayelika". Asichanganywe na *kungu*, tunda la mkungu.

Kungu huchomoza ziwani kwa makundi makubwa mno, yakaonekana kwa mbali kama nguzo za moshi. Katika Kichewa *nkhungu* ni ukungu, neno lililo jirani kabisa na *ukungu* wa Kiswahili. Huenda jina limetokana na sura ya wingu hilo. Watu wa mwambao huwakusanya, huwaponda na kuwafanya andazi la kitoweo. David Livingstone, aliyefika ziwani humo mwaka 1861, alionja andazi hilo na kulinganisha ladha yake na ya nzige waliotiwa chumvi.

Kungu si mbu. Ana umbo la kufanana naye, lakini hana mdomo mrefu wa kuchoma, haumi wala hanyonyi damu. Mwandishi anayesema kwamba watu wa ziwani "hula mbu" huwadhalilisha walaji na kumpotosha msomaji kuhusu malaria.

Mifano

✗ Wenyeji hutengeneza kitoweo cha mbu.
✓ Wenyeji hutengeneza kitoweo cha kungu, wadudu wa ziwani wasiouma.

✗ Mabuu ya kereng'ende yaangamizwe.
✓ Watoto wa kereng'ende waachwe, kwa kuwa hula viluwiluwi vya mbu.

Tazama pia: mbawakawa (si *mende*), tunutu, usubi.